Nguruwe akifa kwa homa, je, tumbo letu liko hatarini? Historia kutoka Kasongo, Kenya na Kivu

Kila mara homa inapopita katika vibanda vya nguruwe vya teritware yetu ya Kabambare, maswali mawili hutembea haraka kuliko ugonjwa wenyewe. La kwanza: mtu aliyekula nyama ya nguruwe aliyekufa kwa homa, naye ataugua? La pili: hii kansa ya tumbo tunayoisikia siku hizi, je, ni nguruwe wanaoileta?

Kwa ndugu zetu wahami, maswali haya si ya kupitisha jioni. Familia iliyokimbia na kuacha shamba mara nyingi huanza upya kwa mtoto mmoja wa nguruwe, kwa sababu anakua haraka, anakula mabaki, na anazaa wengi. Akifa, ada ya shule imekufa pamoja naye. Na nyumba ya pili kuna mzee anayeshika tumbo miezi sita, watu wanasema amelishwa sumu, na anapofika hospitali amebaki mifupa.

Kasongo na Kabambare ni nchi ya misikiti ya zamani, na familia nyingi hazigusi nguruwe kabisa. Habari hii inawahusu nao pia, na mbele mtaona kwa nini.

Jibu fupi ni hili: homa inayoua nguruwe haimshiki mtu. Mnyoo wa nguruwe unamshika mtu, lakini unakwenda kichwani kuliko tumboni. Na kansa ya tumbo, kwa sehemu kubwa, inatokana na kijidudu tunachoambukizana sisi kwa sisi. Waganga na madaktari wa mifugo walitumia zaidi ya miaka mia moja kutenganisha mambo hayo matatu, na sehemu ya safari hiyo ilipita hapa kwetu.

Kaburi la Kasongo

Mwaka 1903 chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Liverpool, Uingereza, kilituma msafara wa waganga Kongo, miongoni mwao vijana wawili: Joseph Everett Dutton, Mwingereza, na John Lancelot Todd kutoka Kanada. Walikuja kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Njiani wakajishughulisha pia na homa nyingine, ile inayokuja, inapoa, kisha inarudi. Wazee wetu waliijua na walimjua anayeileta: papasi, yule kupe wa ndani ya nyumba ambaye wengi tunamwita kimputu. Anakaa katika nyufa za udongo mchana, usiku anatoka kunyonya damu.

Dutton na Todd walihakikisha kwa majaribio kile ambacho wenyeji walikuwa wakikisema: kimputu ndiye anayepitisha homa hiyo. Waliona pia kwamba kupe mama mwenye ugonjwa anaweza kuupitisha kwa watoto wake. Wote wawili walishikwa na homa hiyo wakiwa kazini. Todd alipona. Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30, na huko ndiko alikozikwa.

Kimputu atarudi tena katika habari ya nguruwe, miaka 64 baadaye.

Nguruwe wa walowezi wa Kenya

Mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wa Kizungu waliingiza nguruwe wa kigeni katika nchi ambayo leo ni Kenya. Nguruwe hao walinenepa vizuri, kisha wakaanza kufa ghafla. Walipata homa kali, masikio na tumbo vikageuka rangi ya zambarau, wakaacha kula, na baada ya siku chache kibanda kizima kilikuwa kitupu.

Daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alifuatilia milipuko hiyo kati ya 1909 na 1915. Mwaka 1921 alichapisha hesabu ambayo mpaka leo wanafunzi wa udaktari wa mifugo wanaisoma: kati ya nguruwe 1,366 aliowahesabu, 1,352 walikufa. Walibaki 14 tu. Alionyesha kwamba hii si ile homa ya nguruwe iliyokuwa ikijulikana Ulaya. Ulikuwa ugonjwa mpya kwa sayansi, na ndiyo maana ulipewa jina la homa ya nguruwe ya Afrika.

Montgomery aliona jambo lingine. Walowezi walioacha nguruwe wazurure walipata hasara zaidi ya wale waliowafungia. Akawashuku nguruwe wa porini. Ngiri na nguruwe mwitu wanabeba virusi hivyo katika damu yao bila kuonyesha ugonjwa. Wameishi navyo muda mrefu mno, wamezoeana. Nguruwe wa nyumbani ndiye mgeni, na mgeni ndiye anayekufa.

Swali likabaki: virusi vinatokaje kwa ngiri kwenda kwa nguruwe? Jibu lilitolewa mwaka 1969. Walter Plowright, daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya utafiti Afrika Mashariki, pamoja na wenzake walichimba mashimo ya ngiri huko Tanzania. Ndani waliwakuta papasi, jamii ile ile ya kupe iliyomuua Dutton Kasongo. Wakawapima, wakavikuta virusi vya homa ya nguruwe ndani yao. Kimputu wa shimoni ananyonya damu ya watoto wa ngiri, anahifadhi virusi, na kuvipitisha tena.

Ndege, mabaki ya chakula, na dunia nzima

Kwa miaka mingi Ulaya iliona jambo hili kama shida ya Afrika. Mwaka 1957 ugonjwa ulitokea karibu na Lisbon, Ureno, baada ya kusafiri kutoka Angola, jirani yetu. Kupe hakupanda ndege. Nguruwe wa pale walilishwa mabaki ya chakula kilichotoka kwenye ndege, na ndani ya mabaki mlikuwa na nyama yenye virusi. Mwaka 2007 virusi viliingia Georgia, vikasambaa Urusi na Ulaya ya Mashariki. Mwaka 2018 vilifika China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote. Mwaka huo huo vilipatikana pia kwa nguruwe mwitu wa Ubelgiji.

Mambo haya ya mbali yana maana Kabambare. Yanatufundisha kwamba katika mlipuko, anayesambaza ugonjwa zaidi ni mtu. Ni nyama iliyobebwa kwenye gunia, nguruwe aliyeuzwa haraka kabla hajafa, viatu vyenye matope ya kibanda, na maji ya kuoshea nyama yaliyomwagwa mahali nguruwe wengine wanapokula. Virusi hivi ni vigumu kufa. Vinakaa muda mrefu katika nyama mbichi, nyama ya chumvi na nyama iliyokaushwa isivyotosha.

Karibu zaidi na sisi, mwaka 2020 watafiti wa Bukavu pamoja na wenzao wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa nguruwe waliougua Kivu ya Kusini. Walikuta aina ya virusi ambayo ni ya ukanda huu wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo ugonjwa huu ni mwenyeji wetu. Hauji kila mara kutoka mbali, na barabara inayowaleta wahami na mifugo yao inaweza kuwa barabara yake pia.

Lakini sikieni vizuri: tangu siku za Montgomery, katika milipuko yote hiyo, Afrika, Ulaya na China, hakuna mtu aliyethibitishwa kuugua kwa virusi hivi. Havimshiki mtu, havileti kansa. Hatari ya kuchinja na kuuza nguruwe mgonjwa ni kwamba unapeleka kifo katika kibanda cha jirani. Na mnyama aliyekufa mwenyewe anaweza kuwa na vijidudu vingine vinavyoharisha watu, hivyo haliwi hata hivyo.

Mnyoo unaokwenda kichwani

Kuna ugonjwa mwingine wa nguruwe ambao tunauogopa kidogo mno. Wachinjaji wanaujua kwa macho: punje nyeupe kama za mchele ndani ya nyama na chini ya ulimi.

Mwaka 1855 mganga wa Ujerumani, Friedrich Küchenmeister, alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo nyama yenye punje hizo bila mwenyewe kujua. Baada ya hukumu kutekelezwa, matumbo yake yalifunguliwa na minyoo aina ya tegu ikakutwa inakua. Leo jaribio la namna hiyo lingekuwa hatia, na ni haki. Lakini lilionyesha kwamba punje ya nguruwe ndiyo mtoto wa tegu wa binadamu.

Mtu akila punje hizo katika nyama isiyoiva, anapata tegu tumboni. Mara nyingi hasikii maumivu makubwa. Shida inaanza anapokwenda haja porini. Mayai ya tegu yanatoka na kinyesi, nguruwe anakula kinyesi, na mzunguko unaendelea. Mayai hayo hayo yakiingia kinywani mwa mtu kwa mikono michafu, maji au mboga, hayakai tumboni. Yanaingia katika damu, yanajenga punje ndani ya nyama ya mtu, na pengine ndani ya ubongo. Hapo kifafa kinaanza.

Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba habari hii inamhusu pia Mwislamu ambaye hajawahi kuonja nguruwe. Yeye hawezi kupata tegu wa nguruwe, lakini anaweza kupata punje za ubongo kutoka kwa mikono ya jirani mwenye tegu, au kutoka kisima kisicho na ulinzi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo yenye mnyoo huu, karibu kesi 30 kati ya 100 za kifafa zinatokana nao. Katika nchi yetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu kijiji kimoja cha Bas-Congo ulikuta dalili za mnyoo huu katika damu ya mtu mmoja kwa kila watano hivi.

Kwa hiyo mtoto anayeanguka kifafa katika kambi au katika familia iliyompokea, asiitwe mwenye pepo. Kifafa chake hakiambukizi kwa mate wala kwa kushika mkono. Tegu wa tumboni ana dawa, na kifafa kina vidonge vyake. Punje za ubongo zinahitaji mganga mwenye ujuzi, kwa maana dawa ya minyoo ikitolewa ovyo inaweza kuzidisha uvimbe kichwani.

Kansa inaweza kuletwa na kijidudu?

Sasa tufike tumboni. Zamani waganga wengi waliamini kwamba kansa haina uhusiano na maambukizi. Afrika Mashariki ilisaidia kubadilisha fikra hiyo.

Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa taya uliokua haraka ajabu. Aliandika juu yao mwaka 1958. Mwaka 1961 alipanda gari na wenzake wawili, wakasafiri wiki kumi kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mnauona uvimbe huu? Jibu lilionyesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, kana kwamba kuna maambukizi ndani yake. Mwaka 1964, London, Anthony Epstein na wenzake waliona virusi katika chembe za uvimbe huo. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Mlango ukafunguka.

Kansa ya tumbo ilisubiri hadi Australia. Mjini Perth, Robin Warren aliona vijidudu vilivyojipinda katika vipande vya matumbo ya wagonjwa. Mwaka 1982, yeye na Barry Marshall walifaulu kuviotesha katika maabara. Vinaitwa Helikobakta pilori. Wakasema ndivyo vinavyoleta vidonda vya tumbo. Wakubwa wao hawakuamini: vidonda ni mawazo na pilipili, walisema.

Marshall akataka ushahidi. Alijaribu kwanza kuwaambukiza watoto wa nguruwe, kwa sababu tumbo la nguruwe linafanana na letu. Nguruwe hawakushikwa. Basi mwaka 1984 akavinywa vijidudu mwenyewe. Baada ya siku chache alianza kutapika, na kamera ilionyesha tumbo lake limevimba ndani. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Marekani walifaulu kuwaambukiza watoto wa nguruwe waliolelewa bila kijidudu chochote. Mwaka 1994 wakala wa kansa wa Umoja wa Mataifa ulikiweka kijidudu hiki katika orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa hakika. Mwaka 2005 Warren na Marshall walipata tuzo ya Nobel.

Tazameni maana yake. Mtu alimtafuta nguruwe kama shahidi, na nguruwe alikataa. Kijidudu hiki ni cha binadamu. Kinapita kutoka kinywa hadi kinywa na kupitia uchafu wa choo, mara nyingi utotoni, ndani ya familia, pale watu wanapobanana na maji safi ni haba. Nyumba moja inayolaza watu kumi kwa sababu ya vita ni njia yake nzuri kabisa.

Kivu katika utafiti huo

Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa kamera ya tumboni, ile tunayoiita fibroskopi, kwa wagonjwa wa vijijini Kivu, nchi ingali Zaire. Kijidudu kilikutwa kwa wengi wao. Mwaka 1992 mganga mmoja Mwingereza aliuliza swali lililokuja kuitwa kitendawili cha Afrika: ikiwa Waafrika wengi wana kijidudu hiki, mbona kansa ya tumbo inaonekana chache?

Watafiti wengine walijibu kwa ukali. Kansa inaonekana chache pale ambapo hakuna kamera ya kuiona. Mgonjwa anayezikwa kijijini bila kupimwa haingii katika hesabu. Na katika milima ya Rwanda, Burundi na Kivu, waganga walikuwa wakijua tangu zamani kwamba kansa ya tumbo ipo, na si chache.

Hii haimaanishi kila mwenye kijidudu atapata kansa. Karibu nusu ya watu duniani wamekuwa nacho, na kati ya watu 100 walio nacho, 1 hadi 3 ndio wanaofikia kansa ya tumbo. Chumvi nyingi, samaki wa chumvi kila siku, na tumbaku vinaongeza hatari.

Je, nguruwe hana hatia yoyote?

Tuseme kweli yote. Nguruwe naye ana Helikobakta yake. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walifaulu kwa mara ya kwanza kuiotesha. Imekutwa pia katika matumbo ya watu wachache, wengine wakiwa na vidonda, na wachache na kansa ya nadra ya tumbo. Mwaka 2013 iliripotiwa kwa daktari mmoja wa mifugo aliyekuwa akishughulikia nguruwe. Kwa hiyo mfugaji ana sababu ya kunawa mikono kwa sabuni akitoka kibandani. Lakini ukiweka kesi hizo kwenye mizani pamoja na kijidudu cha binadamu, ni punje moja kando ya gunia.

Tena mwaka 2015 wakala ule ule wa kansa ulitangaza kwamba nyama za kiwandani kama soseji na hamu zinaongeza kansa ya utumbo mkubwa kwa anayezila kila siku. Hapo pia hakuna ugonjwa wa nguruwe. Ni namna nyama inavyotengenezwa, na wingi wake.

Tufanye nini hapa kwetu

Mfugaji: fungia nguruwe wako. Usiwape mabaki ya nyama ya nguruwe. Usilete nguruwe mpya kibandani kabla ya kumtenga wiki mbili au tatu. Wakianza kufa, mjulishe mtu wa ofisi ya mifugo, zika mizoga kwa kina, na usiuze. Najua ni vigumu kumwambia mhami azike fedha yake ardhini. Lakini nguruwe mmoja aliyeuzwa kwa bei ya kutupa Salamabila anaweza kumaliza vibanda vya Wamaza kabla ya mwezi kwisha.

Mpishi: pika nyama hadi iive ndani kabisa. Choo kifunikwe, mikono inawiwe. Mambo hayo matatu yanavunja mzunguko wa mnyoo.

Mwenye tumbo: maumivu yanayodumu, kukonda bila sababu, kutapika damu, choo cheusi kama lami, chakula kukwama, hayo si ya kusubiri. Nenda kituo cha afya, uombe kuelekezwa hospitali kuu. Kijidudu kinatibiwa kwa dawa kadhaa pamoja kwa muda wa wiki mbili hivi, na vidonge viwili vya rangi vilivyonunuliwa kwa mchuuzi havitoshi. Kansa ikionekana mapema, mpasuaji anaweza kuiondoa.

Nanyi mnaokaa na mgonjwa: kabla ya kumtafuta aliyemlisha sumu, mtafutieni vipimo. Jirani aliyeshtakiwa uchawi kwa sababu ya kidonda cha tumbo hana kosa, na nguruwe wake pia hana.